Mashine ya Kuitosha Boti Yangu

Nilipostaafu uuguzi niliagwa kwa keki, kanga na hotuba ndefu, nikarudi nyumbani Msamala, hapa hapa Songea, na wiki haikuisha kabla sijagundua kwamba sijui kukaa. Naamka alfajiri, nafagia uwanja ambao haujapata hata jani. Nachemsha chai, naisahau jikoni. Natoka mpaka barabarani, natazama bodaboda zinavyopanda na kushuka, narudi. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa mtu wa kuhamishwa: Tunduru, Mbinga, Lusewa, Namtumbo, mwisho Songea mjini. Kila nilipoanza kuzoea majirani niliambiwa nifunge mizigo, na kila mara nililalamika. Sasa hapakuwa na mtu wa kunihamisha, na nikajikuta nautamani uhamisho.

Mume wangu ni mtu wa aina nyingine kabisa. Ni Mngoni wa hapa hapa, alifanya kazi ya misitu, akastaafu kabla yangu, akaingia kwenye shamba lake la mahindi njia ya Namtumbo kama mtu aliyerudi kwenye kiti chake. Akitoka shambani anaoga, anakaa kibarazani na redio yake, jioni anakwenda mazoezi ya kwaya. Basi. Mimi nilipokuwa nazunguka mbele yake alikuwa ananifuata kwa macho, mwisho anasema, "Mama, kaa basi. Unanizungusha kichwa."

Mimi ni mzaliwa wa Singida. Kwetu maji tulikuwa tunayasubiri kwa ndoo, si kuyavuka. Lakini nilipokuwa kazini Mbinga, tulikuwa tunateremka Ziwa Nyasa kwa huduma ya mkoba, tunapanda boti ya serikali kuzifuata kliniki za vijiji ambavyo gari haifiki. Nilikuwa nakaa mbele kabisa, sanduku la chanjo mapajani, mlima upande mmoja na maji upande wa pili, na kila tukiizunguka rasi moja inatokea ghuba nyingine yenye mchanga mweupe, watoto wanakimbia kuja kutupokea. Sijawahi kuwa na utulivu kama ule, na ulikuja tu boti ikiwa inakwenda. Ikisimama, nami naanza kuhangaika.

Kwa hiyo nilipoona boti kuukuu imelala nyuma ya nyumba moja ya wageni kule Mbamba Bay, sikufikiri sana. Ilikuwa boti ya fiba, ndefu kama gari mbili ndogo zilizofuatana, na mbele ilikuwa na kijichumba chenye vitanda viwili vyembamba na pahali pa kuweka jiko. Mashine yake ilikuwa imekufa zamani. Mwenye nyumba alifurahi kuondolewa uchafu uani kwake. Nikaipandisha kwenye lori lililokuwa limeteremsha saruji, nikaileta Songea, maana fundi ninayemwamini kwa kazi ya fiba, anayeziba bodi za mabasi, alikuwa jirani yetu wa karibu.

Mume wangu aliliona lori likirudi kinyumenyume langoni. Akazima redio.

"Hii ndiyo meza uliyosema unaifuata?"

"Nilisema meza ili usinizuie."

Akaizunguka yote, mikono nyuma. "Na mimi nitakuwa wapi, wewe ukiwa humo?"

"Humo humo. Kuna vitanda viwili."

"Mimi siogelei."

"Hata mimi siogelei," nikamwambia. Hakuona kwamba hilo lilikuwa jibu.

Fundi aliziba nyufa, akapaka rangi, akaimarisha ubao wa nyuma, ule ambao mashine huning'inizwa. Kuku wa jirani walikuwa wameanza kutaga kwenye kitanda cha kushoto. Mvua zilikwisha, boti ikawa tayari, na hapo ndipo tabu yangu ilipoanza, kwa sababu ilibaki kitu kimoja tu: mashine. Na kila niliyemuuliza alikuwa na mashine yake kichwani.

Kule mjini lipo duka linalouza pampu za maji, mashine za kusaga na, kwenye kona, mashine chache za boti zilizofunikwa nailoni. Nilikwenda na mume wangu. Muuzaji alikuwa kijana mtanashati sana, akamsalimia mume wangu shikamoo, akanisalimia na mimi, kisha akamgeukia mume wangu moja kwa moja.

"Mzee, boti ya ukubwa gani?"

"Muulize mwenyewe," mume wangu akasema.

Nikamweleza urefu, upana, kijichumba, mizigo, watu wawili au watatu. Kijana akatikisa kichwa huku bado anamtazama mume wangu. "Hapo ni arobaini, mzee. Chini ya hapo utajuta." Namba hizo ni nguvu za farasi, ndivyo watu wanavyozitaja, mashine ya nane, ya kumi na tano, ya arobaini.

"Kwa nini arobaini?" nikauliza.

"Ili ukimbie, mama."

"Sitaki kukimbia. Nataka kwenda."

Alicheka, akidhani nafanya mzaha. Sikuwa nafanya mzaha, ila hata mimi sikujua bado tofauti yake ni nini.

Nilimpigia mwanangu aliye Dar es Salaam. Akasema sitini, akanitumia video za boti zinazoruka juu ya maji kama mawe bapa. Nilimpigia mvuvi mmoja wa Mbamba Bay, mtu wa makamo niliyemfahamu tangu wakati wa kliniki, ambaye mke wake nilimzalisha. Yeye akasema, "Sista, nane. Boti kama hiyo haiwezi kwenda haraka hata uifunge ndege. Ina tumbo zito, inakata maji, haipandi juu yake. Nane inatosha na petroli haitakumaliza." Nikafurahi usiku ule. Asubuhi nikakutana na dereva aliyewahi kuendesha boti za utalii, akasema nane ni ya kuvulia dagaa karibu na ufuko, nikitaka kufa ninunue nane.

Nikawa mtu wa kubadili mawazo kila nikigeuza chapati. Nikiwa kanisani nawaza arobaini. Nikiwa sokoni nanunua maharage nawaza nane. Nilikuwa napanda ngazi, naingia kwenye boti pale uani, nakaa nyuma, nashika hewa mahali ambapo mkono wa mashine ungekuwa, natazama ukuta wa jirani. Mara nyingine mume wangu alikuwa ananiletea chai humo. Hakuwa ananicheka. Alikuwa ananipa kikombe, anabaki amesimama chini akiwa ameshika ukingo wa boti, kana kwamba anahofia isije ikaondoka.

Mwishowe akasema, "Hapa hutajua kitu. Ipeleke majini."

Tukaishusha ziwani kwa lori lile lile, siku ya baridi kali Songea na jua la kupendeza Mbamba Bay. Mwenye nyumba ya wageni alikuwa na mashine ya arobaini kwa ajili ya wageni wake, akakubali tuijaribu. Watu watatu waliibeba. Walipoifunga tu, boti ikakaa chini nyuma kama mama aliyechoka, na maji yakawa yanalamba ukingo wa ubao wa nyuma hata kabla hatujaondoka. Mwenyewe ndiye aliyeendesha. Alipoongeza moto, pua ya boti ikapanda hadi sikuona mbele, ila anga. Nyuma tulichimba shimo majini, wimbi kubwa likatufuata karibu na migongo yetu, kelele tele, na bado boti za wavuvi zenye mashine ndogo hazikuachwa mbali. Petroli ilikuwa inakwenda kama inamwagwa. Alipopunguza moto ghafla, lile wimbi la nyuma likatufikia, likaingia ndani, likatulowesha mpaka viunoni. Mume wangu, aliyekuwa amekaa kijichumbani ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, hakuuachia mpaka tulipogusa mchanga. Akashuka, akaenda kukaa mbali na maji.

Kwa hiyo arobaini ikatoka. Siku iliyofuata yule mvuvi alinikodisha nane yake. Aliibeba begani mwenyewe. Boti haikulalamika hata kidogo. Ziwa lilikuwa limetulia, tukaenda pwani pwani polepole, mashine ikinong'ona, nami nimeushika mkono wake wa kuongozea kwa mara ya kwanza maishani. Nilihisi moyo umetulia kama zamani. Mume wangu alitoka kijichumbani, akatazama miamba inavyopita, akauliza majina ya milima. Niliamua pale pale: nane. Nilitaka kumpigia simu yule kijana wa dukani nimwambie.

Mvuvi hakunikatalia, lakini alisema, "Kaa nayo kwanza. Nenda nayo mbali kidogo, ulale huko, urudi. Kurudi ndiko kutakuonyesha." Mimi nilikuwa naona keshokutwa ni mbali. Ila kwenda mbali kidogo lilikuwa jambo nisiloweza kulikataa.

Tukapakia godoro, jiko, maji, unga, petroli ya akiba na jaketi za kujiokolea, tukaelekea kaskazini. Tuliizunguka rasi kubwa yenye mawe kama mabega ya tembo, tukaingia kwenye ghuba iliyobanwa na mlima. Kijiji chake hakina barabara. Ipo njia ya miguu tu inayopanda mlima mpaka upumue kwa shida. Niliwahi kufika hapo na sanduku la chanjo. Wanawake kadhaa walinikumbuka. "Sista karudi!" Tulikula samaki, magege ya kuchoma, tukalala kwenye boti. Mume wangu alisema kitanda si kibaya.

Asubuhi upepo wa kusini, ule ambao watu wa ziwa huuita mwera, ulikuwa umeanza. Ghubani palikuwa shwari, nikaona ni upepo wa kawaida. Tukaondoka kurudi. Tulipofika kwenye ncha ya rasi tukakutana nao uso kwa uso. Niliifungulia mashine moto wake wote. Tulisogea, kisha hatukusogea. Nilichagua jiwe moja jeupe ufukoni, nikalitazama: lilikuwa pembeni yetu, likabaki pembeni yetu, kisha likaanza kutangulia. Kijichumba chetu kile cha mbele, nilichokipenda sana, kilikuwa kinashika upepo kama turubai. Na kila wimbi lilipoinua nyuma ya boti, propela ilitoka majini, mashine ikapiga yowe la kutisha, kisha ikazama tena na kuguna. Mguu wa mashine, ule unaoshika propela, ulikuwa mfupi mno kwa boti ile. Nilivumilia. Nilitaka kupita. Sijui nilitaka kwenda kufanya nini Mbamba Bay asubuhi ile, ila kuzuiwa kulinichoma.

Mume wangu akatoka, akaja nyuma kwa magoti. "Geuza."

"Itapungua."

"Mama, geuza."

Nikageuza. Tukarudi ghubani, na huko tukakaa. Siku ile sikuweza kutulia hata kwa dakika chache. Nilikuwa natembea ufukoni kwenda na kurudi, napanda mwamba kutazama rasi, nateremka. Mume wangu alipata wazee wa kuongea nao habari za mahindi, akawa amekaa nao kivulini ameridhika kabisa, na kuridhika kwake kukanikera.

Kesho yake mchana, upepo ukiwa bado uleule, akaja mama mmoja mbio. "Sista, njoo umwone mwanangu."

Alinipeleka kwenye nyumba ya jirani na ziwa. Binti yake alikuwa na uchungu tangu alfajiri. Ilikuwa mimba ya tatu, hizo mbili za kwanza alijifungua vizuri, ndiyo maana hawakuwa na haraka. Mume wake alikuwa amevuka na wavuvi upande wa pili wa ziwa, na boti pekee ya kijiji yenye mashine ndiyo waliyokwenda nayo. Nilinawa, nikaweka mikono tumboni. Mikono yangu ilijua kabla yangu. Kichwa cha mtoto kilikuwa ubavuni kulia, makalio kushoto. Alikuwa amelala kwa upana. Nilijaribu kusikiliza mapigo kwa sikio langu tupu, nikayapata, yana nguvu. Chupa ya maji ilikuwa haijapasuka.

Nikamvuta mama yake nje. "Mtoto huyu hawezi kutoka mwenyewe. Anahitaji kupasuliwa. Na ni sasa, kabla chupa haijapasuka."

Wanaume walikusanyika. Mmoja akasema wambebe kwa machela wapande mlima. Nikauliza mpaka barabarani ni muda gani, wakatazamana, akajibu mwingine, "Akiwa mzima, mpaka giza." Mwingine akasema, "Boti ya sista ipo. Mbamba Bay ni karibu, mpelekeni huko."

"Kusini hatufiki," nikasema. "Jana tumejaribu. Mashine haina nguvu ya kuipita rasi na upepo huu."

"Sasa?"

Hospitali nyingine niliyoijua ilikuwa ya misheni, kaskazini, mbali zaidi. Lakini upepo ulikuwa unakwenda huko huko. Mashine ile ile iliyoshindwa kusukuma boti dhidi ya mwera ingetosha kabisa kuiongoza ikisukumwa na mwera. Na petroli tuliyokuwa nayo, kwa ulaji mdogo wa nane, ingefika. Niliwaeleza. Yule mama alinisikiliza akiwa amenikazia macho. "Wewe utakuwa naye?" aliuliza. Hapo ndipo nilipoona tatizo. Nikishika mashine, nani atakuwa na mgonjwa?

Mume wangu alikuwa amesimama nyuma ya wale wazee. Akaja mbele, akavaa jaketi lake, akakaza mikanda yake yote. "Nionyeshe mkono wa mashine unavyofanya kazi."

"Hujawahi."

"Ndiyo maana nasema nionyeshe."

Nikamwonyesha: kuvuta kamba ya kuwashia, gia ya mbele, moto kwa kuzungusha, na kwamba boti huenda kinyume na unakousukuma mkono. Nikamwambia ahakikishe mawimbi yanatugonga nyuma katikati, yasitupige ubavuni. Alirudia kila kitu kwa sauti, kama anavyorudia maneno ya wimbo mpya wa kwaya. Tukamlaza mgonjwa kwenye kitanda kwa ubavu wa kushoto, mama yake akakaa miguuni pake, mimi nikapiga magoti katikati.

Tulipotoka ghubani boti ikashikwa na upepo kwa nyuma na kuanza kuteremka mawimbi. Sikuona ziwa. Nilimwona mgonjwa, na kupitia mlango nilimwona mume wangu kuanzia kifuani kwenda juu, na nyuma yake maji yanapanda, yanashuka, yanapanda. Midomo yake ilikuwa inatembea. Alikuwa anasali rozari bila rozari, kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi. Mara kwa mara wimbi lilimwagika juu ya ubao wa nyuma, likamlowesha, likaja mpaka magotini pangu. Mama wa mgonjwa akachukua sufuria yetu, akawa anachota na kumwaga, anachota na kumwaga, bila kuambiwa na mtu.

"Usisukume, mwanangu," nilikuwa namwambia binti. "Ikija, pumua kama unapoza uji."

"Sista, nachoka."

"Najua. Tunakwenda. Sikia mashine, inakwenda."

Na mimi nilikuwa naisikiliza. Nilikuwa nasikiliza vitu viwili tu mchana ule, mapigo ya mtoto na mlio wa ile mashine ndogo. Mwili wangu wote ulitaka kutoka nje kushika mkono wa mashine, kuongeza mwendo, kufanya lolote. Lakini nilibaki nimepiga magoti pale, nikiwa nimetulia kwa nje, maana binti alikuwa ananitazama usoni kujua kama atakufa.

Chupa ilipasuka tukiwa tayari tunaona mnara wa kanisa la misheni juu ya miti. Nikaangalia haraka, kamba ya kitovu haijamtangulia mtoto, nikashukuru. Mume wangu alituingiza ufukoni kwa kishindo, kwa sababu sikuwa nimemfundisha kusimamisha boti. Vijana waliokuwa wanaosha nyavu wakambeba binti kwenye godoro letu, na mama yake akawa anakimbia pembeni bado ameshika sufuria.

Alipasuliwa jioni hiyo. Mtoto wa kike, alilia baada ya kusuguliwa mgongo, na mama yake alipona. Nilipotoka kumpa mume wangu habari nilimkuta ameketi mchangani karibu na boti, nguo zimemkaukia mwilini. Nilipomwambia, alifanya ishara ya msalaba, akainamisha kichwa. Nikakaa naye. Nadhani ndiyo mara ya kwanza katika mwaka ule niliyokaa bila kuinuka kutafuta kitu.

Haikudumu. Mwera uliendelea, tukasubiri, na kufikia kesho yake mchana nilishaanza tena kwenda na kurudi. Ulipotulia tukarudi Mbamba Bay, tukampa mvuvi mashine yake na shukrani, tukaiacha boti ufukoni, tukapanda basi kurudi Songea.

Nilidhani sasa mjadala wa mashine umekwisha, kumbe ulikuwa umehamia kwa mtu mwingine. Mume wangu, ambaye kabla hakuwahi kutaja namba yoyote, alikuwa anarudi kutoka shambani na jembe begani na kuanza kuongea kabla hajanawa.

"Arobaini."

"Uliiona arobaini ilivyotufanya."

"Ingetupitisha kwenye rasi. Yule binti tungempeleka Mbamba Bay, karibu zaidi."

"Kwanza tusingekuwa na petroli ya kufika popote. Na yale maji yaliyokuwa yanaingia nyuma, uliyaona? Hapo mashine ilikuwa nyepesi. Weka pale mashine ya kubebwa na watu watatu, wimbi la kwanza lingekaa nasi ndani."

Akanawa, akala. Alipomaliza akasema, "Basi ishirini na tano."

Tulibishana hivyo kwa siku nyingi, na safari hii nilikuwa najua ninachobishia. Boti yetu ina tumbo zito. Upo mwendo ambao haiwezi kuuzidi hata ikisukumwa na nini, na nane ilikuwa inaufikia mwendo huo kwenye maji matulivu. Nguvu ya ziada si ya kukimbia. Ni ya siku ambayo upepo uko usoni, boti imebeba watu, na kijichumba kinarudishwa nyuma. Lakini kila nguvu ina uzito wake, na uzito huo wote hukaa pahali pabaya kuliko pote, nyuma kabisa, ambako mawimbi huingilia. Nilitaka nguvu ambayo boti inaweza kuibeba. Na nilitaka mguu mrefu, ili propela isitoke tena majini na kutupigia yowe, na propela yenyewe iwe ile ya mabawa mapana, ya kusukuma mzigo.

Tukarudi dukani wote wawili. Kijana mtanashati akamwamkia mume wangu, akafungua mdomo.

"Kumi na tano," nikasema. "Mguu mrefu. Propela ya kusukuma, si ya mbio. Kama huna, agiza."

Kijana akamtazama mume wangu kwa mazoea.

"Mimi ningechukua ishirini na tano," mume wangu akamwambia. "Lakini huyu ndiye aliyekuwa ndani na mgonjwa. Agiza."

Ilipofika tuliiweka sebuleni, imefunikwa blanketi, na wageni wakawa wanaitupia macho wakinywa chai. Tuliishusha ziwani mwezi uliofuata. Mvuvi alikuja kuifunga, akaitikisa, akatazama nyuma ya boti ilivyokaa majini, iko chini kidogo kuliko kwa nane, ila ukingo u mbali na maji. Akasema, "Hii mtazoeana nayo."

Mwera ulikuwa bado haujaisha msimu wake. Siku ya pili ukavuma wa wastani, si kama ule, na mume wangu akasema twende tukaijaribu pale pale. Tuliivuka rasi kwenda, tukazunguka ghubani, tukageuza kurudi kuukabili upepo. Mume wangu ndiye aliyeshika mkono wa mashine. Mimi nilikaa mbele, nikachagua jiwe. Boti ilipanda, ikashuka, maji yakatupiga usoni. Propela ilibaki majini. Jiwe lilikuwa pembeni yetu, kisha polepole, kama mtu mzima anayepanda ngazi, likaanza kubaki nyuma. Nyuma kidogo. Nyuma zaidi. Sikugeuka kumwangalia mume wangu mpaka rasi yote ilipokuwa imepita.

"Bado ina moto," alipaza sauti. "Sijafika mwisho!"

"Usifike."

Alicheka, ndevu zinadondosha maji. Ufuko wa Mbamba Bay ulikuwa unaonekana tayari, na nguo za watu zimeanikwa kwenye mchanga. Nilijua tukifika nitafurahi kwa muda wa kunywa chai moja, kisha nitaanza kuuliza habari za kaskazini, za Lituhi na mbele yake, ambako sijawahi kufika hata kwa kliniki. Nikamwambia hivyo hivyo.

Alifikiri, akapunguza moto kidogo ili asikie sauti yake mwenyewe. "Mahindi yanavunwa wiki mbili hizi," akasema. "Baada ya hapo."

"Baada ya hapo," nikakubali, na mguu wangu ukawa unagonga sakafu ya boti mpaka tulipofika.